Mchanga Mweupe wa Nyumba Kumi na Mbili

18 Oktoba 1982
Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, kama dakika ishirini hivi, kisha jua likarudi. Kumbikumbi wameanza kuruka.

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa fundi mwashi wa kampuni ya mgodi, na kila asubuhi niliandika hali ya hewa katika daftari ya kazi. Mwashi asiyejua mvua ilinyesha lini hajui ukuta wake umekunywa maji kiasi gani. Sasa nimestaafu na nina daftari mbili. Ile ya kazi anaisoma Kabongo, mwenyekiti wa kooperative yetu. Hii nimeinunua leo na ni yangu mwenyewe. Mke wangu Mbuyu amecheka sana. Amesema mzee anayeshindwa kumwandikia kaka yake wa Kabalo barua ya mistari mitatu sasa anataka kutunga kitabu.

Kazi yenyewe ni nyumba kumi na mbili kwenye njia ya Musonoi, nyumba za wastaafu na wajane. Nyumba ya kampuni huenda pamoja na kazi. Baba akistaafu au akifa, familia inapewa miezi michache, kisha inarudisha ufunguo, hata kama watoto wote walizaliwa humo. Ndiyo maana tuliunda kooperative, na mimi nikachaguliwa kuwa fundi mkuu. Kuta zote zimesimama. Saba zimeshaezekwa.

Nyumba ya nne ni ya Mama Godelieve. (Serikali ilifuta majina ya ubatizo kwenye karatasi, haikuyafuta vinywani mwetu.) Mume wake Ngeleka ndiye aliyenifundisha kushika mwiko, na tumemzika mwezi wa sita. Ana wajukuu wanne wa kulea, na kampuni imempa hadi tarehe 31 Januari kutoka katika nyumba ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni. Nimemwahidi kwamba siku hiyo atalala chini ya bati lake mwenyewe.

19 Oktoba
Jua. Tumeezeka nyumba ya nane.

27 Oktoba
Mawingu, bila mvua. Amekuja mkaguzi wa majengo, kijana mwenye abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Amepima madirisha, amepima umbali wa choo, amehesabu mabati. Sheria yake ni moja, na anaitamka kama sala: tofali la kuchoma na simenti, basi. Nyumba ya udongo ndani ya plan ya mji, yaani ramani ya mji, anaivunja siku hiyo hiyo.

Nimemwonyesha kwamba plan ya nyumba zenyewe ina kasoro. Bati linatoka nje ya ukuta kiganja kimoja tu, na huku mvua haidondoki wima, inapiga kwa ubavu. Nyumba ingetaka upenu mpana, au baraza. Amejibu kwamba plan ilichorwa Kinshasa na haibadilishwi Kolwezi. Mchoraji huyo siku moja aje alale hapa mwezi wa pili.

Lakini ameisifu mota yangu, ile simenti na mchanga inayoshika matofali. Amesema hajaona mota nyeupe na nyororo namna hiyo. Nimejisikia vizuri, sifichi. Mchanga ule ni fikra yangu. Mwezi wa saba mafuta ya kamiyo, lori la kubebea mchanga, yalikosekana, na mtoni kwenye mchanga wa siku zote ni kilomita thelathini na tano. Wakati huo huo pembeni mwa mji vipo vilima vizima vya mchanga mweupe, ule unaobaki kinuni baada ya mawe ya shaba kusagwa na kuoshwa. Hakuna anayeutaka. Hauhitaji hata kuchekechwa.

Abedi, mwenye kamiyo, mtu wa Kasongo asiyekosa sala zake tano, alisita siku ile ya kwanza, akiniita tata, yaani baba, kama wanavyoniita wote.

“Tata Numbi, mi nabeba kile unaniambia. Lakini huu muchanga, ata majani haiote juu yake. Angalia pale. Miaka yote hii, hakuna ata jani moja.”

“Mi sipande mihogo, Abedi,” nikamjibu. “Minajenga nyumba.”

Wote walicheka, naye akacheka. Tshibangu, fundi wangu wa kwanza, alilalamika kwamba vidole vinamwasha. Nikamwambia akatafute kazi ya karani.

4 Novemba
Mvua asubuhi na jioni.

9 Novemba
Nyumba ya kwanza, chini karibu na msingi, kumetoka kitu cheupe kama manyoya juu ya mota. Nimekipangusa kwa ufagio. Chumvi ya tofali, hutokea.

10 Novemba
Kimerudi.

13 Novemba
Nimepangusa tena, nyumba ya kwanza, ya pili na ya nne. Upande wa mashariki ambako mvua inapiga, kina rangi ya kijani kidogo. Nimeweka kwenye ulimi. Kikali, kinakausha mdomo. Mchanga wa mtoni niliuonja kila mara, hiyo ni desturi ya waashi wote niliofanya nao kazi. Huu wa kinu sikuuonja. Niliuona mweupe nikatosheka.

14 Novemba
Jumapili. Mvua.

22 Novemba
Nitaliandika hili hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliandika.

Leo, mafundi walipokwenda kula, nimechukua msumari wa inchi nne nikaenda nyuma ya nyumba ya nne. Nimeuweka kwenye mota ya mstari wa tatu na kuusukuma kwa kidole gumba. Umeingia wote hadi kichwani. Ukuta una miezi minne. Mota ya miezi minne inapaswa kuupinda msumari.

Nimejaribu ya tano, ya sita, ya saba. Kila mahali maji yanapofika, ni hivyo hivyo. Juu, chini ya bati, bado ni ngumu. Chini imekuwa laini kama bukari, ugali wetu, isiyoiva.

Jioni nimepita kwa mzee mmoja tunayesali naye, aliyefanya kazi katika maabara ya kinu. Nimemwuliza mchanga ule una nini. Amesema jiwe la shaba lina kiberiti, yaani salfa, ndani yake, na kinachobaki baada ya kusagwa kina chumvi ambayo, ikipata maji, inakula simenti polepole, kutoka ndani. Hakuna dawa. Kisha akauliza kwa nini nataka kujua.

“Ni juu ya banda ya kuku,” nikamwambia.

Miaka ishirini na sita nililetewa mchanga na kamiyo ya kampuni, umeshachaguliwa na watu wengine. Nilijua kuupima ule niliouzoea. Mara ya kwanza ya kuchagua mchanga mwenyewe, nimechagua huu. Na mji mzima unaishi kwa mgodi: tunakula kwa mgodi, watoto wanatibiwa kwa mgodi. Sikuwaza hata mara moja kwamba kitu kilichotoka mgodini kinaweza kutukataa.

23 Novemba
Mvua.

24 Novemba
Mvua. Sijamwambia mtu.

3 Desemba
Kikao cha komite. Chumvi imeshaonekana na kila mtu, na mjumbe mmoja amekuta mota inamwagika katika nyumba ya pili. Kabongo alitaka kujua kosa ni la nani; komite haikuwahi kuambiwa mchanga ulitoka wapi. Mmoja akasema simenti ni kidogo. Mwingine akasema matofali hayakuiva. Halafu Kabongo akamgeukia Abedi.

“Weye njo unaletaka muchanga. Ulichanganya na nini?”

“Mwenyekiti, mi nilibeba pale kwenye balinionyesha. Sikuchanganya kintu.”

Abedi aliniangalia. Hakusema jina langu. Alingoja niseme mwenyewe, na angeweza kungoja mpaka kesho. Mimi nilitazama kofia yangu iliyokuwa magotini. Kabongo akaamua kwamba kuanzia leo kamiyo nyingine ndiyo itabeba, na Abedi akaondoka bila kubishana.

Nimeona haya hadi sasa ninapoandika. Abedi ana watoto sita, na katika mji mdogo mtu akishaitwa mlaghai hapati mzigo mwingine kwa urahisi.

4 Desemba
Mbuyu ameuliza kwa nini sili. Nimesema jino.

12 Desemba
Nimepata dawa, au nimejidanganya kwamba ni dawa. Tunapiga lipu ya simenti nyingi, nzito, kutoka msingi hadi kiunoni, nje na ndani. Mchanga wa mtoni umefika sasa na kamiyo ile nyingine. Kuta zimekuwa laini, nzuri, nyumba zinaonekana mpya. Kabongo amefurahi. Tshibangu amefanya kazi siku nzima bila kuimba, na yeye huimba hata akiwa na malaria.

“Tata,” akaniambia wakati wa kuosha vyombo, “maji yenye iko ndani, itatokea wapi?”

Nikaendelea kuosha mwiko.

20 Desemba
Mvua. Simenti ya Lubudi imechelewa, reli imekatika na maji.

25 Desemba
Krismasi. Mama Godelieve ametuletea kuku. Amekaa na Mbuyu jikoni wakiongea juu ya mapazia.

8 Januari 1983
Mvua siku ya tano mfululizo. Lipu inashika. Ninaipigapiga kila asubuhi kwa kiungo cha kidole. Inatoa sauti ya kitu kigumu. Ninajiambia kwamba ikishika hadi mwezi wa nne, kiangazi kitaingia, kuta zitakauka, na mimi nitapata muda wa kuondoa mota mbaya kidogo kidogo, mstari kwa mstari, bila mtu kujua. Nimekwisha hesabu siku. Kabongo ametangaza kwamba Komisere wa Zone, mkuu wa wilaya yetu, atakuja kufungua nyumba tarehe 5 Februari, na kikundi cha wacheza ngoma kimeshaanza mazoezi.

15 Januari
Nyumba ya tisa, lipu inatoa sauti ya tupu upande wa mashariki.

16 Januari
Ya nne pia.

27 Januari
Mama Godelieve amekuja kunitafuta nyumba ya kumi, amevaa kitambaa cheusi cha mjane na viatu vya kanisani. Alikuwa anatoka ofisi ya nyumba za kampuni.

“Tata Numbi, nilienda kwa bale bakubwa. Banasema kama nyumba mupya haiyaisha, banaweza kuniongezea myezi mbili. Lakini nikirudisha fungulo, basi, bataweka muntu mwingine palepale. Weye njo unajua nyumba. Nirudishe, ama ningoje?”

Alikuwa amesimama pale, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Nilikuwa na neno lile kinywani. Ngoja. Neno moja. Angengoja miezi miwili, mvua ingekwisha, na hata kama ukuta ungeanguka ungeangukia sakafu tupu.

Nikawaza Kabongo. Nikawaza wacheza ngoma. Nikawaza watu wa Kapata, walioniita Numbi Timazi, ile kamba ya kupimia ukuta wima, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona ukuta wangu ukipinda. Nikiwaambia ngojeni, wataniuliza tunangoja nini.

“Rudisha, mama,” nikasema.

Akanishika mikono yote miwili, mikono yenye tope, akashukuru.

28 Januari
Mvua. Sikulala.

31 Januari
Amehamia. Abedi ndiye aliyebeba vyombo vyake bure, kwa sababu Ngeleka alikuwa rafiki yake pia. Amenisalimu vizuri. Kitanda, meza, mashine ya kushonea, mikeka ya watoto. Mikeka wameiweka chumba cha mashariki kwa sababu kina hewa.

Nilijaribu kusema chumba kile kingine ni kizuri zaidi. Mama Godelieve akasema kule ataweka mashine.

5 Februari
Sherehe. Komisere amekata utepe, amesema nyumba hizi ni mfano wa wananchi wanaojitegemea. Familia tano zimeshaingia. Kabongo aliniita mbele, nikapigiwa makofi. Nilipiga makofi na mimi.

6 Februari
Mvua.

7 Februari
Mvua. Nimepita nyumba ya nne, nimesema natazama mlango.

9 Februari
Mvua. Nimepita nyumba ya nne, nimesema natazama mfereji.

12 Februari
Mvua. Nimepita. Mjukuu mdogo ameniuliza kama nimepoteza kitu kwao. Ukuta wa mashariki umeanza kutoa tumbo. Timazi inaonyesha umetoka nje vidole viwili. Nimekuja na miti mitatu nikauegemeza kwa nje. Nimemwambia Mama Godelieve ni kwa ajili ya upepo. Ameniambia Mungu anibariki kwa kuwaangalia hivyo.

Nimemwambia Mbuyu leo. Yote: mchanga, msumari, Abedi, ufunguo. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza.

“Batoto inne, Numbi,” akasema. “Na weye unaegemeza miti.”

Tangu hapo hadi usiku huu hajanitania. Tuna miaka thelathini ya ndoa na sikujua kwamba nyumba inaweza kuwa kimya namna hii. Nilimwahidi kwamba nitamwambia Kabongo kesho Jumapili, baada ya misa.

13 Februari
Jumapili. Kabongo hakuja misani. Sikusema.

16 Februari
Mvua imeanza tena saa za adhuhuri.

17 Februari
Haijakatika.

18 Februari
Haijakatika. Barabara ya Musonoi ni mto.

19 Februari
Ninaandika Jumamosi jioni, na nitaandika yote.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa bado inapiga, na inapiga kwa ubavu, kutoka mashariki. Nilichukua baiskeli. Mbuyu alinipa koti. Nilipofika, mti mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa umelala chini. Haukuvunjika. Ukuta uliusukuma. Lipu ilikuwa imebanduka vipande vikubwa, na nyuma yake mota ilikuwa inateremka na maji, nyeupe, kama uji unaomwagika sufuriani.

Nikagonga. Mama Godelieve alifungua, alikuwa anapika uji wa watoto. Wawili walikuwa bado kwenye mikeka.

“Mama, toeni batoto. Sasa hivi. Ukuta itaanguka.”

“Ukuta gani?” Akatazama ndani, ambako kila kitu kilionekana sawa. “Tata Numbi, na hii mvua? Tutaenda wapi? Fungulo nilirudisha. Komisere mwenyewe alisema hizi nyumba ni nguvu. Na weye ulikuwa pale.”

“Nilikuwa pale. Minakudanganya, mama. Tangu mwezi ya kumi na moja minakudanganya.”

Hakuelewa, au hakutaka. Akaanza kunituliza kana kwamba mimi ndiye niliyeugua, akasema niingie, ninywe uji kwanza. Basi nikapiga magoti pale mlangoni, kwenye pembe ambako lipu imebanduka, nikaingiza vidole katika mota. Sikuhitaji mwiko. Nikavuta tofali la mstari wa pili, likatoka zima. Nikampa mkononi. Lilikuwa safi pande zote, hakuna simenti hata chembe iliyolishika.

Alilitazama. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Kisha aliliweka chini taratibu, akageuka, akawaita watoto mmoja mmoja kwa majina yao, bila kupaza sauti. Alizima moto. Alimfunga mdogo mgongoni, akachukua picha ya Ngeleka ukutani, akatoka nje mvuani.

Nikaenda nyumba ya kwanza, nikavuta tofali. Nikaenda ya pili, ya tatu, ya sita. Kwenye kila mlango nilivuta tofali moja kwa mkono, nikampa mwenye nyumba, nikasema: muchanga ni mimi nilichagua, Abedi hakukosa kintu, tokeni. Mzee mmoja wa nyumba ya sita alinitupia lile tofali. Lilinipata begani, na nilifurahi, kweli nilifurahi.

Kabongo alifika na mwavuli wakati watu wameshajaa barabarani na vitanda vyao.

“Numbi, unafanya nini? Bantu ya Zone batasema nini?”

“Baseme,” nikamwambia. “Ushike na weye.” Nikampa tofali.

Familia nne zimepokelewa katika ukumbi wa katekisimu. Mama Godelieve na wajukuu wako nyumbani kwetu. Mbuyu alikuwa ameshatandika kabla hatujafika. Nyumba yetu niliijenga mwaka wa 1971, kwa mchanga wa mtoni.

21 Februari
Adhuhuri, jua likiwa limetoka, ukuta wa mashariki wa nyumba ya nne umeanguka. Chini umeteleza kidogo nje, na juu kote kukaangukia ndani. Hakukuwa na mtu. Nilikwenda kuona. Matofali yamelala yote mahali pale pa mikeka, rundo la kufika kiunoni.

Nimekaa juu ya rundo hilo muda mrefu.

26 Februari
Kikao, watu wote. Nimerudia yote nikiwa nimesimama, pamoja na ule uongo wa banda la kuku. Nimemwomba Abedi msamaha mbele ya wale waliomsikia akituhumiwa. Alisema amesamehe. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa:

“Mi ningeweza kusema jina yako siku ile. Sikutaka kukunyanganya nafasi ya kusema mwenyewe. Nilikungojea myezi mbili, tata.”

Ni miezi miwili na nusu. Hakuhesabu vizuri, au alinihurumia.

Kabongo alitaka nifukuzwe. Wengine walisema nikifukuzwa nani atazibomoa. Mwisho wamekubaliana kwamba nyumba zote kumi na mbili zishushwe hadi msingi na zijengwe upya, nami nifanye kazi hiyo bila kulipwa hadi ya mwisho. Nilikuwa nimeshaomba hivyo mwenyewe.

2 Machi
Jua. Mimi na Mbuyu tumehamia stoo ya kazini, ili Mama Godelieve na watoto wapate nafasi. Mbuyu amekuja kwa hiari yake. Amesema stoo ina panya wanene kuliko wa Kabalo. Ndio utani wake wa kwanza tangu siku ile nilipomwambia yote.

Tumeanza kushusha nyumba ya nne. Tofali linatoka bila kuvunjika, linasuguliwa kwa jani na maji, basi. Ni hasara ambayo ndani yake kuna faida ya ajabu: hatutachoma tanuru jipya. Matofali haya yalikula miti yote kutoka hapa hadi ng'ambo ya reli, mwaka jana kamiyo ya Abedi ilikwenda mbali kutwa nzima kutafuta kuni. Angalau msitu hautalipia kosa langu mara ya pili.

10 Machi
Mkaguzi amerudi, viatu vile vile. Simenti ni chache, kwa hiyo nimemwomba kibali cha kujengea kwa udongo wa kichuguu kwenye kuta za ndani, na simenti na mchanga wa mtoni kwa nje tu. Na upenu wa hatua moja pande zote. Amesema sheria inataka vifaa vya kudumu.

Nikampeleka kwenye rundo. Nikamwambia: hii ilikuwa ya kudumu, wewe uliisifu na mimi nilijivuna. Kisha nikampeleka nyuma ya barabara, kwenye jiko la zamani la udongo wa kichuguu, limepita misimu ya mvua zaidi ya ishirini. Nikampa msumari. Alisukuma hadi akakunja uso, haukuingia.

Hakuandika kibali. Lakini hakuandika katazo pia. Alisema atarudi mwezi wa tano, na kabla ya kupanda pikipiki yake alipima kwa macho hatua moja kutoka ukutani.

18 Machi
Mvua ndogo. Matofali elfu moja na mia mbili yamesafishwa.

24 Machi
Mama Godelieve amekuja, ameketi mbali kidogo na mimi, ameanza kusugua matofali. Hajanisemesha tangu siku ile. Huniitikia salamu tu. Nyumbani kwangu huwa anafagia hadi uani, Mbuyu anasema, kama mtu asiyetaka kuwa na deni.

28 Machi
Amekuja tena Ijumaa. Na kesho yake. Na leo, Jumatatu.

30 Machi
Leo tumeanza kupandisha nyumba ya nne. Msingi ni ule ule, ulikuwa mzuri. Tshibangu amechanganya mota, nami nimeshika tofali la kwanza la pembe. Mama Godelieve akaacha kusugua. Akaja karibu, mikono ikidondosha maji.

“Tata Numbi. Siku ile nilikuuliza juu ya fungulo. Ulikuwa unajua?”

Mafundi wote walisikia. Watu wote walijua kwamba nilidanganya tangu mwezi wa kumi na moja, na yeye pia alijua. Lakini alitaka kulisikia lile moja.

“Nilijua, mama.”

“Uliniangalia mu macho, ukasema nirudishe.”

“Njo vile nilisema.”

Alijifuta mikono kwenye kitenge, upande mmoja, halafu mwingine.

“Ulitutoa mule, na bajukuu yangu beko bazima. Ile sitaisahau ata siku moja, na minakuombea. Na Ngeleka alikupenda sana.” Akautazama msingi. “Lakini mukono yako isiguse tena nyumba yangu. Zile zingine ujenge. Yangu, Tshibangu ajenge.”

Tshibangu alisimama na sepeto, ananiangalia mimi, anamwangalia mama. Nilitaka kusema kwamba hakuna mtu Kolwezi nzima atakayejenga pembe ile kwa uangalifu kuliko mimi, na ni kweli. Nilitaka kulia pia. Nikalirudisha tofali kwenye rundo, nikampa Tshibangu mwiko.

Amepandisha mistari sita hadi jioni, iliyonyooka. Mimi nilimbebea maji na kumpa matofali, mia mbili na arobaini kwa jumla, na Mama Godelieve hakunikataza; alisimama pale muda wote, akiangalia kila moja likitoka mikononi mwangu kwenda mikononi mwa Tshibangu.